Kuzinduka si Kupona

Mpwa wangu alikuja Tengeru kunisalimu mwezi wa Agosti 2024. Ni mtoto wa dada yangu mkubwa, anafanya kazi benki mjini Nairobi, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka 38, hajaolewa na hana mtoto. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chai, alisubiri mke wangu aingie jikoni, ndipo akatoa kipeperushi mkobani. "Mjomba," akasema, "si wewe uliyekuwa ukifanya kazi ya mbegu za ng'ombe za kugandishwa? Hebu nisomee hiki, uniambie kama ni kweli."

Kilikuwa kipeperushi cha kliniki moja ya uzazi, karatasi yake inang'aa, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Kilimwalika mwanamke aje atolewe mayai yake ya uzazi, yagandishwe, yatunzwe mpaka siku atakayokuwa tayari. Katikati, kwa herufi nene, kilisema kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mayai hupona baada ya kuyeyushwa. Chini yake palikuwa na picha ya mama amekumbatia mtoto.

Nilikisoma mara mbili. Kisha nikamwambia: kila neno hapa lina ukweli wake, na bado aliyekiandika amekudanganya. Siku ile sikuweza kuieleza vizuri kauli hiyo. Nimeandika makala haya ili niieleze, maana najua mpwa wangu si peke yake.

Tuanze na hilo neno kupona. Sisi tunaosema Kiswahili hatulitumii ovyo. Mgonjwa aliyezimia akifumbua macho, tunasema amezinduka. Akiomba uji, tunasema amepata nafuu. Hatusemi amepona mpaka tumwone shambani na jembe lake, au sokoni akibishana bei. Mwenye kipeperushi amechukua hatua ya kwanza akaipa jina la hatua ya mwisho. Yai lililotoka kwenye baridi likaonekana halikupasuka, limezinduka. Zaidi ya hapo hakuna anayeweza kuapa.

Nalisema hili nikiwa mtuhumiwa, si hakimu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa mhimilishaji, nikizunguka vijiji vya Meru kwa pikipiki, mtungi wa naitrojeni kimiminika umefungwa nyuma ya kiti. Ndani ya mtungi ule, kwenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri, ilikuwamo mirija myembamba kama njiti, kila mmoja umebeba mamilioni ya mbegu za fahali. Unautoa mrija, unauchovya katika maji ya vuguvugu ya digrii 35 hadi 37 kwa nusu dakika hivi, unaukausha, kazi inaanza. Kituoni tulikuwa tukipima sampuli kwa hadubini. Kama katika kila mbegu kumi nne au tano zilikuwa zikiogelea mbele kwa nguvu, tulisema mbegu ni nzuri. Nami nikifika kijijini niliwaambia wafugaji: mbegu hii hai, nimeiona kwa macho yangu.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mwenye ng'ombe mmoja tu. Alinilipa mara ya kwanza, ng'ombe hakushika mimba. Akanilipa mara ya pili, kwa fedha alizopata baada ya kuuza mahindi ya chakula cha watoto. Ng'ombe hakushika. Nilipokwenda mara ya tatu alinipa kiti, akanipa chai ya maziwa ya kununua, kisha akaniuliza kwa upole, "Bwana mifugo, huo uhai unaousema uko wapi?" Sikuwa na jibu. Mimi nilikuwa nimemwuzia kuogelea, yeye alikuwa amenunua ndama.

Na hayo ni ya mbegu ya kiume, ambayo kuigandisha ni kazi nyepesi. Mbegu ni kichwa na mkia, maji ndani yake ni kidogo mno, na ikifa nusu nzima hakuna msiba, kwa kuwa zilizobaki ni mamilioni. Yai la mwanamke ni kiumbe kingine kabisa. Ni miongoni mwa seli kubwa kuliko zote mwilini. Upana wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, jicho kali karibu linaliona, na limejaa maji. Kila aliyewahi kusahau nyanya kwenye friza anajua shida yake: ikiyeyuka inakuwa uji ndani ya ganda. Maji yakiganda yanakuwa fuwele zenye ncha, na ncha hizo zinachana kila kitu kilichomo. Yai nalo ni vivyo hivyo, tena hayapo mamilioni. Yapo kumi, au sita.

Dawa ya kuzuia fuwele hizo ilipatikana kwa bahati tu. Mwaka 1949, London, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakihangaika na mbegu za jogoo. Chupa waliyodhani ni ya maji ya sukari kumbe ilikuwa na gliserini, na mbegu zikatoka kwenye baridi zikiogelea. Kazi yangu yote ya maisha ilitokana na chupa ile iliyokosewa jina. Yai la mwanamke, hata hivyo, halikukubali kirahisi. Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya tumbo la mama, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Kiinitete kilichogandishwa kilitoa mtoto Australia mwaka 1984. Mwaka 1986 Christopher Chen wa Adelaide, hukohuko Australia, akatangaza mimba ya mapacha iliyotokana na mayai yaliyogandishwa, na watu wakashangilia. Baada ya hapo ikapita miaka kumi karibu kimya. Mayai yalikuwa yakigandishwa polepole, kama theluthi ya digrii kwa dakika, na mengi yalikufa. Hata yaliyobaki, ganda lake la nje liliweza kuwa gumu kiasi cha mbegu kushindwa kupenya. Ilibidi ipatikane kwanza mbinu ya kuchukua mbegu moja na kuiingiza ndani ya yai kwa sindano. Kwa mbinu hiyo Eleonora Porcu na wenzake wa Bologna, Italia, wakapata mtoto mwaka 1997.

Njia inayotumika leo ni nyingine. Yai linawekwa juu ya ukanda mwembamba wa plastiki pamoja na tone dogo la dawa, linatumbukizwa katika naitrojeni, na joto lake linashuka kwa kasi ya maelfu ya digrii kwa dakika, hata maji hayapati nafasi ya kuwa fuwele. Yanasimama kama kioo. Masashige Kuwayama wa Japani ni mmoja wa walioieneza sana miaka ya 2000. Nasema bila kinyongo kwamba ni ufundi mkubwa, na mwenye kuupuuza hajawahi kushika mrija.

Lakini ufundi wa kugandisha ni nusu ya safari, na ndiyo nusu inayopigiwa debe. Siku ya kuyeyusha wauzaji hupita mbio. Mimi nataka tukae hapo.

Ukanda ule unatolewa kwenye naitrojeni na kutumbukizwa mara moja katika maji yenye sukari nyingi, joto lake digrii 37. Kwa nini sukari? Kwa sababu yai limejaa dawa za kulikinga, na likitiwa kwenye maji matupu litayanywa upesi kuliko dawa inavyotoka, livimbe na kupasuka. Sukari inayashika maji nje. Dakika moja hapo, kisha dakika tatu katika sukari pungufu, kisha linaoshwa. Ukitazama kwa hadubini unaliona yai limesinyaa kama zabibu kavu, halafu polepole linajaa na kuwa duara. Lililoharibika linaingia weusi, au linabaki kivuli tu. Lililojaa vizuri linahesabiwa. Hapo ndipo ile asilimia 90 inapoandikwa. Hata saa nyingi hazijapita tangu litoke kwenye baridi.

Na ndani bado kuna vurugu. Yai lililokomaa lina nyuzi nyembamba sana zilizoshika kromosomu, zimepangwa kama nyuzi za mfumaji, na kazi yake ni kuzigawa kromosomu hizo kwa haki: hizi zibaki, hizi zitoke. Baridi huzifumua nyuzi hizo. Yai likipata joto linaanza kuzisuka upya, kwa muda wa saa moja hadi tatu hivi, na ndiyo maana mtaalamu mwenye subira huliacha mahali pa joto kwa kama saa mbili kabla ya kulichoma sindano ya mbegu. Mara nyingi nyuzi zinarudi zilivyokuwa. Mara nyingine hazirudi sawasawa, na kwa hadubini ya kawaida huwezi kuziona ukajua. Yai lile duara, zuri, lililokwisha kuhesabiwa kuwa limepona, linaweza kuwa limevurugika moyoni mwake na usilitambue.

Baada ya sindano linasubiriwa mpaka kesho yake, kuona kama vimetokea viini viwili, cha mama na cha baba. Kisha siku ya tatu, kisha ya tano au ya sita. Kila kituo kuna abiria wanaoshuka. Katika mayai kumi yaliyozinduka, yakirutubika saba si haba. Katika hayo saba, yakifika matatu siku ya tano tunashukuru. Na kufika siku ya tano si mimba, na mimba nayo si mtoto.

Hapa ndipo unapoingia umri, na hapa ndipo kipeperushi kinaponyamaza kabisa. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na akiba yake ya mayai, milioni moja hadi mbili. Kromosomu za kila yai zimeshikanishwa mbili mbili tangu yeye mwenyewe akiwa tumboni mwa mama yake, nazo zinasubiri zamu yao miaka yote hiyo. Kinachozishikanisha huchakaa. Ukichunguza viinitete vya siku ya tano vya mwanamke wa miaka 30, kama robo yake vina hesabu mbaya ya kromosomu. Kwa mwanamke wa miaka 38 ni karibu nusu. Kwa wa miaka 42, kama robo tatu. Baridi inaisimamisha saa, hilo nakubali, wala haionekani kwamba yai huharibika kwa sababu tu ya kukaa miaka mingi kwenye naitrojeni. Lakini saa hiyo hairudishwi nyuma hata dakika moja. Aliyegandisha mayai akiwa na miaka 38, akija kuyeyusha akiwa na 45, anayeyusha mayai ya miaka 38, na kasoro zake zilezile.

Basi hiyo asilimia 90 ilitoka wapi? Haikubuniwa. Mwaka 2010 Ana Cobo na wenzake wa Valencia, Hispania, walitoa matokeo ya utafiti uliohusu wanawake 600 waliopokea mayai ya wahisani. Katika mayai yaliyogandishwa, asilimia 92.5 yalizinduka, na mimba zilizopatikana zililingana na za mayai yasiyogandishwa. Ni utafiti safi. Lakini mayai yale yalitoka kwa wanawake vijana wenye afya, waliochaguliwa kwa kazi hiyo. Kumwuzia mwanamke wa miaka 38 tarakimu yao ni sawa na mimi kumwonyesha yule mjane rekodi za mitamba ya shamba la serikali.

Tarakimu iliyomhusu mpwa wangu ipo, wala si siri. Mwaka 2022 madaktari wa Chuo Kikuu cha New York walitoa hesabu ya miaka kumi na mitano, ya wanawake 543 waliorudi kuyeyusha mayai yao wenyewe. Umri wao wakati wa kugandisha ulikuwa kama miaka 38 kwa wastani. Waliopata mtoto kutokana na mayai hayo walikuwa asilimia 39. Waliogandisha kabla ya kufikia miaka 38 walikuwa asilimia 51, na katika kundi hilo, walioyeyusha mayai 20 au zaidi walifika 70. Hayo si matokeo ya kudharau. Kwa kijana mwenye mayai mengi ni matokeo mazuri. Lakini tazama 39 na 90 zilivyo mbalimbali. Moja inahesabu wanawake, nyingine inahesabu mayai. Mpwa wangu hakuja kwangu kuuliza habari za mayai.

Wauzaji wana desturi ya kukata ukweli katikati. Mwaka 2012 chama cha wataalamu wa uzazi cha Marekani kiliamua kwamba kugandisha mayai kusiitwe tena jambo la majaribio. Waraka huohuo ulisema kwamba takwimu hazikutosha kulipendekeza kwa mwanamke mwenye afya kwa ajili tu ya kushindana na umri, na ukaonya juu ya matumaini ya uongo. Ilitangazwa nusu ya kwanza. Walikata kama mtu anayekata kitenge, wakachukua upande wenye maua. Ni kweli kwamba mwaka 2018 kamati ya maadili ya chama hicho ilikubali kwamba mwanamke anaweza kufanya hivyo kwa mpango wake, lakini ilitaka aelezwe pia mambo yasiyojulikana bado. Katika kile kipeperushi hapakuwa na jambo lisilojulikana hata moja.

Najua nitajibiwa. Wapo watakaosema kwamba mzee wa ng'ombe hana haki ya kuzungumza habari za wanawake. Hao nawaelewa, na kama mpwa wangu asingeniuliza ningekaa kimya. Wapo watakaofurahi wakidhani niko upande wao, wale wanaosema kwamba msichana anayechelewa kuzaa amejitakia. Hao siwataki kabisa. Mpwa wangu alichumbiwa mara mbili, na mara zote mbili aliyeahirisha alikuwa mwanamume. Na kwa binti mwenye saratani, anayekwenda kuanza dawa ambazo huenda zikaua mayai yake yote, kugandisha ni rehema. Huyo ningemsindikiza mwenyewe hadi mlangoni. Wapo tena watakaosema kwamba tumaini dogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Silikatai tumaini. Nakataa bei yake kupangwa kwa tarakimu ya mtu mwingine.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba biashara hii haina siku ya hesabu. Wanawake wengi waliogandisha mayai hawarudi kuyachukua: wengine wamepata mtoto kwa njia ya kawaida, wengine wameliacha jambo lenyewe. Mfanyabiashara gani mwingine ana bahati hiyo? Mimi nilirudi kwa yule mjane baada ya siku ishirini na moja, na ng'ombe alikuwa palepale, joto limemrudia, kila mpita njia anaona. Kliniki huulizwa baada ya miaka saba, au haiulizwi kamwe. Uingereza, tangu Julai 2022, sheria inaruhusu mayai kutunzwa hadi miaka 55, mradi mwenyewe athibitishe kila baada ya miaka kumi. Hamsini na mitano! Aliyeandika kipeperushi atakuwa wapi?

Tena anayegandisha leo huenda si yeye atakayeyeyusha. Peter Mazur na Shinsuke Seki, kwa majaribio yao ya mayai ya panya huko Tennessee, Marekani, walionyesha kwamba kasi ya kuyeyusha ina uzito kuliko hata kasi ya kugandisha. Yai likichelewa kupata joto, fuwele zilizoepukwa siku ya kwanza zinapata nafasi ya kukua njiani. Nililijua hilo kwa vidole vyangu asubuhi za Juni zenye ukungu, mrija ukiingiwa na baridi kati ya kopo la maji ya moto na zizi. Kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza: ni mkono gani utakaoyeyusha, na mtungi utaangaliwa na nani usiku? Machi 2018, mwisho wa juma moja, mitungi miwili iliharibika Marekani, mmoja Cleveland na mwingine San Francisco. Cleveland peke yake mayai na viinitete vilivyopotea vilizidi 4,000.

Tulikaa na mpwa wangu mpaka jioni, tukaandika maswali matano kwenye karatasi ya daftari. Bei ya kutunza kwa mwaka. Nani analipa kliniki ikifungwa. Mtungi una kengele ya tahadhari, na nani anaisikia. Je, mayai yanaweza kuhamishiwa kwingine. Swali la tano nililiandika mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Alinipigia simu mwezi wa Novemba. Alitolewa mayai kumi na moja, tisa yalikuwa yamekomaa, yote tisa yamegandishwa. Sikumlaumu. Nilimwuliza kama sindano zilimwumiza, akasema tumbo lilikuwa limemjaa kwa wiki nzima, lakini sasa anaendelea vizuri na amerudi kazini. Kisha akanitumia picha ya ile karatasi yetu. Maswali manne ya mwanzo yalikuwa yamejibiwa kwa mwandiko safi, kila moja kwa mstari mmoja au miwili. La tano lilisema: NI WANAWAKE WANGAPI WALIOGANDISHA WAKIWA NA MIAKA 38 AMBAO MMEWAYEYUSHIA MAYAI YAO HAPA, NA WANGAPI WAMEJIFUNGUA? Mbele yake paliandikwa, kwa mwandiko uleule safi, kwamba zaidi ya asilimia 90 hupona.